Natamani bunduki yangu ya kwanza, lakini mke wangu hataki iingie ndani

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 39, mkazi wa Tanga mjini, na kazi yangu ni uwakala wa forodha bandarini. Nina mke na watoto watatu, mkubwa wao akiwa kijana wa kidato cha pili. Sinywi pombe, sina makuu, na kwa miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumletea mwenzangu jambo la kumnyima usingizi, isipokuwa hili ninalokuandikia leo.

Nilikulia Handeni kwa mjomba wangu, ambaye hadi sasa anamiliki kwa leseni bunduki ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani. Utotoni nilikuwa nikimfuata alfajiri akienda kufukuza nguruwe pori kwenye mahindi, na kazi yangu ilikuwa kubeba tochi na kunyamaza. Hakuniruhusu kuishika bunduki yake hata siku moja, na huenda ndiyo maana hamu haikuniisha.

Mwaka jana rafiki yangu wa kazini, mwenye leseni ya silaha na anayewinda kwa vibali, alinichukua hadi kwenye kiwanja cha kulengea shabaha huko Dar es Salaam. Mkufunzi alinipa bunduki ndogo ya .22 inayojipakia yenyewe, akanionyesha namna ya kuiegemeza kitako begani na namna ya kuvuta pumzi. Kazi yetu, Mama, ni simu tangu asubuhi: meli imechelewa, kontena limekwama, mteja anafoka, nyaraka zimerudishwa. Nilipolala kifudifudi nikaitazama ile karatasi ya duara mbele yangu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kichwa changu kilikuwa na jambo moja tu. Tangu siku ile nimekuwa nikiweka akiba ili ninunue bunduki yangu mwenyewe, kwa makusudi mawili: kulenga shabaha kama burudani, na kuwinda mara moja moja kwa leseni, nikianza na kanga na kwale, na huko mbele, Mungu akijalia, kuro au pofu.

Tatizo la kwanza ni kwamba kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Rafiki yangu anasema nisipoteze fedha kwa vitu vidogo, ninunue bunduki ya nusu otomatiki, yaani inayojipakia yenyewe, ya kaliba (upana wa tundu la mtutu) .308, kwa sababu hiyo moja itanitosha kwa kila kitu, na kwa kuwa mimi ni mwanagenzi, nikikosa kwa risasi ya kwanza, ya pili itakuwa tayari. Muuzaji mmoja alinishauri nichukue ya .223, nyepesi, nyeusi, ya kisasa, inayokubali darubini na vikorokoro vingi. Mjomba naye, nilipomweleza kwa simu, alicheka, kisha akasema kwamba mtu anayeanza anunue bunduki ya kukoki kwa mkono, ili kila risasi aifikirie kabla haijatoka.

Tatizo la pili ni mke wangu. Yeye ni mzaliwa wa Pangani, na alipokuwa mdogo baba yake mdogo alikuwa akisafisha gobole barazani, akiamini kuwa halina kitu ndani, likalipuka na kumtoa jicho binamu yake aliyekuwa amekaa karibu. Nilipomtajia habari ya bunduki hakupandisha sauti. Alisema tu, «Ikiingia kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa mlango wa nyuma.» Zaidi ya hayo, fedha nilizoweka yeye alizihesabu kuwa za kumalizia nyumba yetu, ambayo bado haijapigwa plasta upande wa uani.

Nimefikiria njia ya kati. Bunduki nitainunua, lakini haitakaa nyumbani. Nitaiweka kwa mjomba Handeni, ambaye ni mtu mzima, mwenye leseni na mwenye uzoefu. Nitakuwa nikienda huko mwisho wa mwezi, nalenga shabaha shambani, na kijana wangu nitamchukua ili ajifunze mapema mambo ambayo mimi niliishia kuyatazama kwa nyuma. Naamini mke wangu akiona mambo yanakwenda salama ataridhika mwenyewe.

Naomba unisaidie kwa mambo mawili. Je, kwa mtu anayeanza, bunduki ipi ya nusu otomatiki itafaa kwa shabaha na kwa uwindaji? Na nimwambie nini mke wangu ili anielewe?

*Mpenda Shabaha, Tanga*

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, kwa sababu imeandikwa na mtu mwangalifu, na mtu mwangalifu huwa ameshaficha majibu mengi ndani ya maswali yake. Unataka kununua bunduki ya kwanza, inayojipakia yenyewe, itakayokufaa kwa burudani ya shabaha na kwa uwindaji. Umepata washauri watatu wasiopatana. Na mwenzako wa ndani amekwambia kuwa hataki kuishi nayo chini ya paa moja. Umeyatenganisha mambo haya kuwa maswali mawili, moja la kitaalamu na moja la kindoa. Mimi nina shaka kama yanatengana, na nitakueleza kwa nini. Kwa upande wa silaha nimemshirikisha mzee mmoja wa Muheza aliyestaafu kazi ya uaskari wa wanyamapori, kwa hiyo utakayoyasoma kuhusu bunduki mengi ni yake, na ya nyumbani ni yangu.

Nianze na hiyo bunduki moja ya kutosha kwa kila kitu. Mvuvi wa Sahare hachukui wavu wa dagaa kwenda kuvua papa. Huchukua jarife, na wala haoni kuwa amedhulumiwa kwa kuwa na nyavu mbili. Bunduki iliyokupa utulivu kule kiwanjani ilikuwa ya .22, risasi ndogo ambayo uzito wake wa kawaida ni kama gramu 2.6, isiyopiga bega, yenye mlio wa wastani, na ambayo bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na risasi kubwa. Bunduki za aina hiyo zinazojipakia zenyewe zimefundisha watu wengi kulenga. Mojawapo inayojulikana mno, Ruger 10/22 ya Marekani, imekuwa ikitengenezwa tangu 1964, na magazini yake hubeba risasi 10. Kwa karatasi ya duara inatosha kabisa. Kwa kuro au pofu haifai, na mzee wangu alilitamka hilo kwa ukali: mnyama mkubwa akipigwa na .22 hukimbia na jeraha, akaenda kufia kichakani siku nyingine, na aliyempiga hurudi nyumbani akidhani amekosa.

Ukigeukia .308 ya rafiki yako, mambo yanapinduka. Hiyo ni risasi halisi ya kuwindia, iliyoingia sokoni 1952, na swala mkubwa ataanguka kwayo ikiwa imepelekwa mahali pake. Lakini uitumie kwa kanga, hutapata kanga wa kupika, utaokota manyoya. Uitumie kwa mazoezi ya kila mwezi, utaona bei ya kila risasi, bega litakuuma, na vibaya zaidi, mlio wake utakufundisha kufumba macho na kushtuka kabla hujafyatua, tabia ambayo mwanagenzi akishaizoea huchukua muda mrefu kuiacha. Hiyo .223 ya muuzaji inakaa katikati. Ni tamu kwa shabaha, ila kwa wanyama wakubwa uliowataja ni hafifu. Na kuhusu vikorokoro, sina la kusema, maana muuzaji anauza.

Kwa hao kanga na kwale, chombo chao ni kile ulichokiona utotoni. Bunduki ya marisau hutawanya chembe nyingi ndogo ambazo nguvu yake huisha baada ya umbali mfupi, wakati risasi moja ya .22 iliyokosa ndege mtini inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na ya .308 zaidi ya kilomita tatu, ikatua pahali ambapo wewe hupaoni. Fikiria mashamba ya Handeni unayoyajua: mchunga ng'ombe yuko wapi saa hiyo, mama anayeokota kuni yuko wapi?

Hapo ndipo penye dhana yako ya pili ambayo ningependa tuipekue taratibu, ile ya kuwa risasi ya pili iliyo tayari ni msaada kwa anayeanza. Bunduki ya nusu otomatiki hutoa risasi moja kwa kila unapobana triga, halafu nguvu ya ule mlipuko yenyewe hurudisha nyuma bolti, kile chuma kinachoifungia risasi mahali pake, hutupa ganda tupu, na kuingiza risasi nyingine kwenye chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Yote hayo hutokea kabla hujamaliza kupepesa jicho. Si uvumbuzi mpya wala wa kutisha. John Browning alibuni bunduki ya kuwindia ya namna hiyo iliyoanza kuuzwa na Remington mwaka 1906, na faida zake ni za kweli, kwani hupiga bega kwa upole zaidi na mwindaji haondoi jicho kwenye shabaha. Lakini maana yake nyingine ni kwamba kila ukimaliza kufyatua, bunduki iliyo mkononi mwako imejaa tena, iwe umetaka au hukutaka. Mwenye bunduki ya kukoki kwa mkono lazima ainue bolti, aivute, airudishe, na katika sekunde hizo mbili tatu anapata nafasi ya kuona kama mnyama ameanguka, kama mwenzake amesogea mbele, kama kuna haja ya risasi nyingine hata kidogo. Mjomba wako alicheka, lakini hakuwa anatania.

Mzee wa Muheza alinionyesha jambo hili kwa bunduki yake mwenyewe, mezani kwake. Alichomoa magazini, akaniuliza, «Sasa ina kitu au haina?» Nikajibu haina. Akavuta bolti, ikaruka risasi moja ikabingirika mezani. Alisema watu wengi huumizana kwa ile moja iliyobaki kwenye chemba, mtu anapotoa magazini akaridhika. Ndiyo maana hutakiwi kuishia kwenye magazini: unavuta bolti, unaiacha wazi, unachungulia chemba kwa macho, kisha unaingiza ncha ya kidole kidogo kuhakikisha, na mtutu muda wote unatazama upande usio na mtu.

Sasa rudi kwenye barua yako usome tena kilichotokea barazani Pangani. Baba mdogo alikuwa akisafisha silaha akiamini kuwa haina kitu ndani. Wewe umeiandika habari ile kama sababu ya hofu ya mke wako, hofu ya kutulizwa. Mimi naiona kuwa ni taarifa. Kati ya watu wanne waliokupa rai, rafiki, muuzaji, mjomba na mkeo, ni yeye pekee aliyewahi kuwa ndani ya nyumba ambamo bunduki iliyodhaniwa tupu ililipuka, na kosa analolijua ndilo hasa ambalo bunduki inayojipakia yenyewe humrahisishia mtu kulifanya. Ndiyo sababu nilisema nina shaka kama maswali yako mawili yanatengana.

Kuna na upande wa sheria, na hapa ningekuomba ukaze mkanda kabla ya kutoa hata shilingi ya arabuni. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataja njia za kuwinda zilizokatazwa. Humo utakuta sumu, mitego, mashimo, taa za usiku, na pia utakuta bunduki za otomatiki na za nusu otomatiki zinazojipakia tena na tena zenyewe, isipokuwa pawe na idhini ya maandishi. Inawezekana basi bunduki uliyoipania ikawa halali kwako kwa karatasi ya shabaha, na ikakutia matatani siku utakayoipeleka porini. Rafiki yako anawinda kwa vibali, hilo ni jema, lakini usiishie kwenye neno lake wala kwenye langu. Nenda ofisi ya TAWA, ambayo ndiyo Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, ukiwa na jina kamili la bunduki, kaliba yake na namna inavyojipakia, uulize kwa maandishi na ujibiwe kwa maandishi. Ukifika hapo uliza pia kuhusu leseni yenyewe ya uwindaji, kwa maana huandikwa aina ya mnyama, idadi na eneo, na kuro aliye nje ya karatasi yako si wako. Kisheria wanyamapori ni mali ya umma, hata wakikanyaga shamba lako, na mtu anayekutwa na nyama bila kibali hujibu mashtaka ya kukutwa na nyara za Serikali, ambayo si ya mchezo. (Kama sehemu ya hamu yako ni nyama tu, kumbuka kuwa bucha za nyamapori ziliwekewa utaratibu kwa kanuni za 2020. Nalitaja kwa sababu kuna mtu aliyewahi kuniandikia barua ndefu kuhusu uwindaji, na mwisho ikaonekana alichokuwa akikitaka ni mchuzi.)

Leseni ya silaha ni njia nyingine tena. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, ombi hupita kwenye uongozi wa mahali unapoishi na kwenye vyombo vya usalama hadi polisi, na hutakiwa kueleza sababu ya kumiliki na kuthibitisha kuwa unajua kuitumia silaha. Watu wa mtaani kwako wataulizwa habari zako. Sidhani kama ungependa mkeo alisikie jambo hili kwa mara ya pili kutoka kwa jirani.

Ile njia yako ya kati, ya kuiweka bunduki kwa mjomba, naielewa ilikotoka. Ulitaka kumpunguzia mwenzako mzigo. Hata hivyo ina nyufa mbili. Ufa wa kwanza ni kwamba leseni ni ya mtu na silaha yake. Mjomba ana leseni ya ile shotigani yake, haimfanyi kuwa mtunzaji wa bunduki yako, na wewe ukiwa Tanga huku silaha yako ikilala Handeni, likitokea la kutokea utaulizwa wewe. Sheria inamtaka mwenye leseni aihifadhi silaha yake mahali salama, na mzee wangu husema mahali salama ni sefu ya chuma iliyofungwa ukutani kwa bolti, risasi zikiwa zimefungiwa peke yake, na funguo zisizojulikana na mtu mwingine. Kabla ya kufikiria mpango wowote wa kuitunza nje ya makazi yako, peleka swali hilo kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, mwenyewe. Ufa wa pili haumo kwenye sheria. Mkeo hakusema kuwa anachukia kuiona; alisema kuwa bunduki ikiingia yeye anatoka. Je, una hakika anachokiogopa ni chuma kile kukaa kabatini, au ni wewe kuwa mtu mwenye bunduki, au ni kijana wenu kuizoea? Haya ni mambo matatu, na sefu ya Handeni inagusa moja tu.

Habari ya kijana iliniweka kwenye kiti kwa muda. Natambua utamu wa mzazi kumfundisha mwanawe kitu alichonyimwa yeye. Kiwanjani, chini ya mkufunzi, kwa taratibu wanazozikubali wao kuhusu umri, akiwa amevaa vizibo vya masikio na miwani, kijana anaweza kujifunza adabu ya silaha ambayo itamfaa maisha yake yote. Shambani mwisho wa mwezi ni jambo jingine. Hakuna kingo ya udongo nyuma ya shabaha, hakuna msimamizi, na wanakijiji wakisikia milio mfululizo hawatajua kuwa ni burudani. Kama unataka kulenga shabaha shambani, hilo nalo ulitolee taarifa na uliombee ruhusa polisi kwanza, na ukiambiwa haiwezekani, utakuwa umejua kuwa bunduki ya burudani inahitaji safari ya kiwanjani kila mara, pamoja na nauli, ada na risasi. Gharama hizo ziandike karatasini pamoja na bei ya bunduki, sefu, darubini na ada za leseni. Akiba uliyonayo ni ya kitu gani hasa katika orodha hiyo? Maana plasta ya uani nayo inaingoja.

Njia zilizo mbele yako basi naziona hivi. Unaweza kuahirisha kununua, ukaendelea kwenda kiwanjani na kutumia bunduki za pale kwa muda, ukijaribu zote mbili, ya kujipakia na ya kukoki, mpaka ujue mkono wako unapenda nini. Hasara yake ni kwamba Dar es Salaam si karibu na utakuwa mgeni wa vitu vya watu. Unaweza kununua .22 ya kujipakia kwa shabaha peke yake, ukaliacha pori kwa sasa, na hapo utapata ule utulivu ulioutaja, ila rafiki yako atakwenda msituni bila wewe, na ni lazima ukubali kwamba udogo wa risasi ile huwadanganya wengi. Inaua, na ikigonga jiwe au bati huruka upande usioutarajia. Unaweza kuanza na bunduki ya kukoki ya kuwindia, .308 hiyo hiyo au .30-06, au hata 9.3×62, ambayo Otto Bock wa Berlin aliibuni mwaka 1905 akiwafikiria walowezi wa makoloni ya Kijerumani kama huku kwetu, na mpaka leo wawindaji wa Afrika wanaiheshimu. Ukichagua hivyo umemsikiliza mjomba, lakini shabaha ya kila mwezi itakuwa ghali na bega litalalamika. Kwa ndege, shotigani. Na unaweza kuchukua ile .308 ya nusu otomatiki, ukiwa na jibu la TAWA mkononi na mafunzo ya kutosha. Wapo watu makini wanaozimiliki bila tatizo. Sitakuchagulia, kwa sababu hakuna kati ya hizo iliyo ya kijinga.

Mzee ameniomba niongeze neno kuhusu hewa yetu ya pwani, na nakubaliana naye kwa kuwa hata masufuria yangu yanalijua hilo. Chumvi ya baharini hula chuma. Bunduki inayojipakia yenyewe ina vipande vingi vinavyosuguana, na nyingi zina tundu dogo la gesi linaloweza kuziba kwa masizi ya baruti, kwa hiyo usipoisafisha itakwama, na bunduki iliyokwama ikiwa na risasi nusu ndani nusu nje ndiyo inayomtia mwanagenzi kiwewe. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi au kitambaa hata kama ni mzuri vipi, maana hunyonya unyevu na kuulaza juu ya mtutu. Kila usafishaji ni mara nyingine ya kuishika silaha ukiwa nyumbani, mezani au barazani. Unaona tumerudi tena kwa baba mdogo.

Sasa, umeuliza umwambie nini mkeo. Ningeanza kwa kumuuliza kabla ya kumwambia. Katika barua yako nzima yeye amesema sentensi moja tu. Zilizobaki ni makadirio yako ya kile atakachokiona baadaye akaridhika mwenyewe. Mwombe akusimulie siku ile ya Pangani tangu mwanzo, nani alikuwa wapi, gobole lilikuwa limewekwaje, nani alikimbia kuita watu, binamu yake aliishije baadaye. Usimkatize kwa kumwambia kuwa bunduki za kisasa si magobole. Huenda akasema jambo ambalo litakuongoza kwenye uchaguzi wa silaha kuliko muuzaji yeyote; huenda pia ukatambua kuwa jibu lake halitabadilika, na hapo itakubidi upime hamu yako kwa mizani nyingine, mizani ambayo mimi siwezi kuishika kwa niaba yako.

Naye pia ana la kusikia kutoka kwako. Umemtajia bunduki, sijui kama umemtajia simu za tangu asubuhi, kontena lililokwama, na kile kichwa kilichokuwa na jambo moja tu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mke anayesikia «nataka bunduki» na mke anayesikia «nimechoka, na pale nilipumzika» hawasikii ombi moja. Yawezekana akataka kukuona ukilenga. Ukifika wakati huo, mwalike siku moja kiwanjani, akae nyuma ya mstari pamoja na watazamaji wengine, aone mkufunzi anavyokagua chemba, aone bolti ikiachwa wazi kabla mtu hajasogea mbele. Akikataa kwenda, usimlazimishe, wala usimchukue kijana badala yake siku hiyo.

Usikimbilie dukani wakati majibu ya TAWA na ya polisi hayajafika. Bei ya mwezi huu aliyokutajia muuzaji haitakuwa ya mwisho duniani. Wasalimie wanao, na mjomba mpe salamu zangu.

*Mama Mshauri*